Kioo na Karatasi

Kosa la mshonaji huonekana nguo ivaliwapo, na kosa la mpishi huonekana tonge lifikapo mdomoni. Kosa la mpiga picha ni la namna nyingine. Huweza kukaa mbele ya macho yake mwenyewe kwa saa nyingi, yeye akilitazama wala asilione, mpaka litoke mikononi mwake na kuwafikia watu wengine. Nimefanya kazi ya picha katika mji mdogo wa Mulot kwa miaka kadhaa, na katika kurasa hizi nataka kusimulia kosa moja la jinsi hiyo, na namna lilivyonilazimisha kujifunza kukipima kioo cha kompyuta yangu. Habari yenyewe si ya kujivunia.

Mulot ni mji wa barabarani. Umekaa mpakani, kaunti ya Bomet upande mmoja na kaunti ya Narok upande wa pili, katika barabara itokayo Narok kwenda Bomet. Karibu nao hupita mto Amala, ambao mbele ya safari yake hukutana na mto Nyangores, na hapo ndipo uanzapo mto Mara. Siku ya soko Wakipsigis na Wamaasai huchanganyika mjini pamoja na ng'ombe wao na kondoo wao, na mtu akisimama mahali palipoinuka huona shuka nyekundu zikipita katikati ya mahindi, makoti na miavuli. Chai haiko hapa hasa. Iko juu zaidi, kwenye baridi na mvua, upande wa Bomet na Kericho, ambako vilima vimevikwa kijani kimoja kutoka bonde hadi bonde. Mimi hupanda huko na kushuka huku nikifuata harusi, mahafali ya shule, mazishi, na koito, yaani sherehe ya posa na mahari.

Duka langu lilikuwa chumba kimoja chenye paa la mabati. Kuta zake zilikuwa za kijani kibichi, nje na ndani, kwa sababu aliyekuwamo kabla yangu alikuwa wakala wa kutuma pesa kwa simu, na kampuni ya simu ilimpakia rangi yake bila malipo. Nilipoingia nilifurahi kwamba sitanunua rangi. Humo niliweka meza, kiti, taa moja ya darini, na kompyuta ya kupakata, ile ambayo wengi huiita laptopu, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Mwezi wa Agosti mwaka 2018 alinijia binti ya bibi mmoja mzee aliyekuwa amefariki siku chache kabla. Bibi huyo, jirani kwa mjukuu, wote tulimwita Kogo, neno ambalo kwa Kikipsigis maana yake ni nyanya. Binti mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, ameolewa pande za Kapkoros, ambako ana shamba la chai. Tulisalimiana, nikampa kiti, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyempiga mama picha siku ya koito ya mjukuu wake. Ile anayocheka. Nataka iwe kubwa, iwekwe juu ya jeneza."

Niliikumbuka picha hiyo vizuri. Kogo alikuwa ameketi kivulini chini ya mti, amepakata sotet, kile kibuyu cha maziwa chenye shanga, na kichwani amefunga kitambaa cha rangi ya feruzi. Kuna mtu alisema neno la mzaha nje ya picha, naye akainua uso kumtazama na kucheka. Kwa kawaida Kogo hakupenda kupigwa picha. Mara zote nyingine alikaza uso kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu. Hiyo ndiyo picha yake ya pekee iliyofanana naye.

Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mama. Nitaifanya usiku huu huu."

Nikaifanya usiku ule. Mwangaza wa kioo nilikuwa nimeupandisha mpaka mwisho, kama ilivyokuwa desturi yangu, maana nilidhani kioo kinachong'aa sana ndicho kinachoonyesha vizuri. Uso wa Kogo ulionekana una mwanga wa kupita kiasi, nikaupunguza. Ulionekana pia umepauka, kama uso wa mtu aliyekaa kwenye baridi, nikauongeza wekundu. Nilipomaliza niliegemea nyuma nikaitazama kazi yangu, na kwa hakika nilijipongeza. Asubuhi nilimpa dereva wa matatu kifaa chenye picha ile aipeleke kwenye nyumba ya kuchapia picha katika mji mmoja mkubwa kuliko wetu.

Picha ilirudi jioni ya siku iliyotangulia mazishi. Nilipoifungua, mikono yangu ililegea. Shanga za kibuyu zilionekana, na meno ya Kogo yalionekana, lakini uso wote ulikuwa pande moja la giza lenye wekundu wa matofali yaliyoungua. Makunyanzi yaliyokuwa yakicheka pamoja naye hayakuwapo. Binti yake aliishika fremu kwa mikono miwili, akaielekeza mlangoni penye mwanga, kisha huku, kisha kule. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ni mama. Lakini macho yake yako wapi?"

Hapakuwa na muda wa kufanya nyingine. Kesho yake mjukuu mmoja aliibeba picha ile mbele ya jeneza, nami nilikuwa nimesimama kando na kamera yangu kwa kuwa nilikuwa nimelipwa kupiga picha za mazishi. Watu walipita mmoja mmoja. Mtoto mdogo aliuliza kwa sauti, "Huyu ni nani?" Aliyemshika mkono akamnyamazisha.

Hasira yangu yote iliwaelekea wachapaji. Juma lile lile nilipanda matatu nikaenda kwao, na njiani nilitunga maneno makali. Nilipokelewa na mzee mmoja wa makamo aliyevaa koti jeupe. Nikamwambia, "Mzee, mashine yenu imemharibu mama wa watu." Akanijibu, "Keti kwanza, kijana." Akaifungua picha ile ile kwenye kioo chake, na Kogo alikuwa mweusi vile vile, giza lile lile, kama karatasini. Kisha akanionyesha ukanda wa karatasi wenye vipande vidogo vya rangi na vya kijivu, umechapwa asubuhi ile. Mashine yao huuchapa kila siku kabla ya kazi, nao huusoma kwa kipimo, na kama rangi moja imezidi au imepungua huirekebisha ndipo waanze kupokea wateja.

"Sisi tumepima asubuhi," akasema. "Kioo chako wewe umekipima lini mara ya mwisho?"

Nilimjibu kwamba kioo hakina cha kupimwa, ukikiwasha kinawaka. Hakunicheka, jambo ambalo namshukuru hata leo. Aliniandikia majina mawili matatu ya vitu vya kutafuta na kusoma, akanirudishia kifaa changu, nami nikarudi Mulot na maneno yangu makali mdomoni bila kuyatumia.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba jicho ni shahidi mzuri lakini ni hakimu mbaya. Jicho huzoea. Wewe usomaye waweza kulijaribu leo. Chukua karatasi nyeupe, itazame chini ya taa ya usiku yenye mwanga wa manjano, nawe utasema ni nyeupe. Itoe nje mchana wa mawingu, utasema ni nyeupe. Lakini mwanga unaotoka katika karatasi ile nyakati hizo mbili si mmoja hata kidogo, ule wa taa una wekundu na manjano mengi, na ule wa mawingu una buluu nyingi. Jicho, au tuseme ubongo ulio nyuma yake, huutoa ule uzidifu bila kukuuliza, ili karatasi ibaki karatasi. Hii ni neema kubwa katika maisha ya kila siku. Katika kazi ya picha ni hatari, kwa kuwa kioo chenye buluu nyingi nacho jicho hukizoea katika dakika chache na kukiita cheupe.

Kwetu kuna mfano ulio karibu zaidi kuliko karatasi. Maziwa ya mursik huhifadhiwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na kwa sababu hiyo huwa na rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Mimi nilikuwa mtu mzima kabla sijalitambua jambo hilo. Siku zote niliyaona meupe, maana maziwa ni meupe. Mgeni kutoka pwani ndiye aliyeniuliza kwa nini maziwa yetu yana rangi ya mvua. Tulipoweka kikombe cha maziwa mabichi kando ya kikombe cha mursik, niliona mara moja. Bila kikombe cha pili nisingaliona kamwe, hata kama ningaliyakodolea macho mchana kutwa.

Basi kupima kioo ni kutafuta kikombe cha pili. Lakini rangi inapimwaje? Mwaka 1861 James Clerk Maxwell aliwaonyesha watu wa London kwamba picha tatu, moja iliyopigwa kupitia kichujio chekundu, moja cha kijani na moja cha buluu, zikitupwa ukutani pamoja kwa mianga ya rangi zile zile hutoa picha ya rangi nyingi. Vioo vyetu vya leo vimejengwa juu ya jambo hilo, kwani kila nukta ya kioo ni taa tatu ndogo sana, nyekundu, kijani na buluu. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza ikaweka hesabu ya namna jicho la kawaida linavyoona, kutokana na majaribio yaliyofanywa Uingereza na W. David Wright na John Guild. Wright alitumia watu 10 na Guild watu 7. Jicho la kawaida la ulimwengu mzima, ambalo kwalo vioo vyote hupimwa hata sasa, limetokana na watu 17! Nilipolisoma jambo hilo nilicheka peke yangu, lakini lazima nikiri kwamba hesabu yao imefanya kazi vizuri ajabu.

Si vipimo vyote vilivyokuwa na bahati hiyo. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikiwapelekea wachapaji kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na kadi hizo zikaitwa Shirley. Mchapaji aliirekebisha mashine yake mpaka ngozi ya mwanamke huyo ionekane sawa, ndipo akachapa picha za watu wote. Mtu mweusi akipigwa picha pamoja na watu weupe, mara nyingi wao walionekana vyema na yeye akabaki macho na meno. Ilikuwa miaka ya 1990 ndipo kadi zenye nyuso za rangi mbalimbali zilipoenea. Niliposoma habari hizo nilikasirika, kama unavyoweza kukasirika wewe, kisha nikakumbuka kwamba uso wa Kogo haukuzimwa na kadi ya mtu yeyote. Niliuzima mimi, kijana wa hapo hapo, niliyekunywa maziwa yake.

Sababu ya kuuzima ni hii. Karatasi haina mwanga wake, hurudisha tu ule inaoangukiwa. Kioo hutoa mwanga wake chenyewe, na mtu akikipandisha mpaka mwisho huwa kama anaitazama picha dirishani penye jua. Vivuli vyote hufunguka, na mtengenezaji, kwa kuona mwanga umezidi, huupunguza katika picha yenyewe. Picha ikifika karatasini dirisha halipo, limebaki lile giza alilolitia. Mwangaza wa kioo hupimwa kwa kandela kwa kila mita ya mraba, na kwa kazi ya kuchapa hutakiwa uwe baina ya 80 na 120. Changu, kama nilivyokuja kugundua, kilikuwa 270.

Kifaa chenyewe cha kupimia huitwa kolorimita. Nilikinunua Nairobi mwanzoni mwa mwaka 2019, nacho kilikuwa kimekwisha kutumiwa, kwa thamani ya kondoo wawili wanono, na jamaa zangu walioisikia bei hiyo walinishauri nirudi nikachukue kondoo. Ni kidude kidogo kinachotoshea kiganjani. Huning'inizwa juu ya kifuniko cha kompyuta kwa waya wake, kikakiegemea kioo kwa uso wake wenye jicho la kioo, na programu huanza kukionyesha vipande vya rangi kimoja baada ya kimoja, mamia kadhaa, nacho husoma kila kimoja na kusema kilichoona. Programu niliyoitumia ni ya bure, nayo huitwa DisplayCAL. Ndani yake inafanya kazi kwa zana za ArgyllCMS alizoziandika Graeme Gill.

Usidhani kwamba ni kubonyeza kitufe na kwenda zako. Kioo hakina budi kuwashwa nusu saa kwanza, maana kikiwa baridi hakitulii. Ile tabia ya kompyuta kujipunguzia mwangaza yenyewe, na ile ya kugeuza kioo kuwa cha manjano nyakati za usiku, lazima zizimwe. Mimi nilisahau moja. Nilikuwa nimefika katikati ya vipande vile umeme ukakatika mji mzima, kompyuta ikahamia kwenye betri, na kwa ajili ya kuhifadhi betri ikapunguza mwangaza bila kuniuliza. Vipimo vyote vikaharibika. Nilianza upya usiku wa manane umeme uliporudi, na mbwa wa soko walikuwa mashahidi wangu.

Niliweka shabaha tatu: mwangaza wa kandela 100, weupe wa kelvini 6500, ambao ni sawa na mwanga wa mchana wenye mawingu kidogo, na gama ya 2.2, ambayo ndiyo kanuni ya namna giza linavyopanda ngazi kuelekea kwenye mwanga. Kioo changu kabla ya kuguswa kilikuwa na weupe wa kelvini 7400, yaani buluu nyingi mno, na ndiyo maana uso wa Kogo ulionekana umepauka nikautia wekundu usiostahili. Vioo vikubwa vya mezani huwa na vitufe vya kupunguza nyekundu, kijani au buluu peke yake. Kompyuta ya kupakata haina. Ina kitufe cha mwangaza tu. Kazi iliyobaki hufanywa na programu, kwa kuikaba rangi iliyozidi. Kila rangi ina ngazi 256, na ukiikaba unapoteza baadhi ya ngazi hizo, kwa hiyo anga laini laweza kuanza kuonyesha mistari. Nilikubali hasara hiyo.

Baada ya kusawazisha, programu hupima tena na kuandika waraka uitwao profaili. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Kusawazisha ni kukirekebisha kioo, na profaili ni maelezo ya tabia iliyobaki baada ya kurekebishwa, ili programu ya kuhariri picha iisome na kusema, "Kioo hiki kina nyekundu ya namna hii na kijani ya namna ile, basi nitakizungumzia kwa lugha yake." Programu isiyosoma profaili hupata nusu tu ya faida.

Kazi ilipokwisha nilidhani nimetapeliwa. Kioo kilikuwa na manjano, kimefifia, kama taa ya chemli iliyopungua mafuta. Nilijizuia nisikirudishe kama kilivyokuwa. Nikatoka nje, nikanywa chai, nikazungumza na mlinzi. Niliporudi baada ya nusu saa kioo kilikuwa cheupe, maana jicho lilikuwa limezoea upande wa kweli. Ndipo nikaifungua ile picha niliyoitengeneza Agosti.

Giza lile lilikuwa pale pale. Uso ule wa matofali yaliyoungua, meno, na shanga, kama ulivyotoka kwa wachapaji, ulikuwa juu ya kioo changu mwenyewe, mahali pale pale nilipokuwa nimejipongeza. Katika picha ile hapakuwa kimebadilika kitu chochote. Nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu.

Kisha nikaichukua ile ya asili, iliyotoka katika kamera, nikaanza tena. Safari hii sikuongeza wekundu. Vivuli vya shavuni nilivifungua polepole, na macho yakaja, na makunyanzi yakaja moja baada ya jingine. Hata hivyo niligundua kwamba nikiinua kichwa kidogo uso ulipauka, na nikikishusha uliiva. Kioo changu kilikuwa cha aina ya bei nafuu, ambayo hubadilika kwa kila pembe. Nilikata kijiti cha urefu maalumu, nikawa nakisimamisha nyuma ya kifuniko ili kioo kikae katika pembe moja kila siku, na kiti nikakitia alama sakafuni. Kuta za kijani nazo sikuweza kuzivumilia tena, maana mwanga wa taa uligonga ukuta ukarudi kijani juu ya kioo na juu ya kila karatasi niliyoishika. Nilizipaka kijivu. Wapita njia waliniuliza kama nimefungua ofisi ya serikali.

Nilichapisha picha ile kwa mzee wa koti jeupe, na nilipoilinganisha na kioo zilikuwa ndugu. Sisemi pacha. Nikaifunga kwa karatasi, nikapanda kwenda Kapkoros.

Ilikuwa asubuhi ya kuchuma. Binti ya Kogo alikuwa shambani na kikapu mgongoni, akikata majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono ikienda bila macho. Tuliingia nyumbani, akanawa, akaniletea chai, ndipo nikaifungua. Aliitazama bila kusema. Akaiinua, akaenda nayo mlangoni, kama wafanyavyo wanawake wa Mulot sokoni wanapotaka kununua kitambaa, ambao hawakubali rangi ya dukani mpaka waione juani. Alikaa mlangoni kitambo, mgongo wake ukinielekea.

"Ndiye," akasema. Kisha akasema, "Lakini kitambaa chake hakikuwa hivi."

Nikamwambia kwamba nimeipima rangi ile kwa kifaa. Hakubishana nami. Aliingia chumbani, nikasikia sanduku likifunguliwa, akarudi na kitambaa chenyewe kimekunjwa mara nne. Tukakiweka juu ya picha, mlangoni, mwanga wa mchana ukituangukia sote wawili. Kwa kweli kile cha picha kilikuwa cha buluu ya kawaida, kimelala. Cha mkononi mwake kilikuwa feruzi hasa, chenye kijani ndani yake, kikali kama bawa la ndege.

Nilieleza kadiri nilivyoweza. Kuna kanuni ya rangi za vioo iitwayo sRGB, iliyotolewa mwaka 1996, na feruzi kali kama ile iko nje ya mipaka yake. Na kioo changu hakikufikia hata mipaka hiyo, kilionyesha kama sehemu sita katika kumi. Kupima hakukipi kioo rangi ambayo hakikuumbwa nayo. Lakini kamera ilikuwa imeikamata feruzi ile zaidi ya kioo, na wino wa wachapaji una buluu-kijani inayotoka nje ya sRGB. Kwa hiyo karatasi iliweza kuonyesha rangi ambayo kioo hakikuweza, na mimi nilikuwa nimeikata rangi ile nilipoitia picha katika kanuni ndogo ya kioo.

"Basi itengeneze," akasema.

"Sitaweza kuiona nikiitengeneza, mama."

Akanipa kitambaa nishuke nacho.

Kilikaa Mulot siku kumi na mbili, ndani ya mfuko wa karatasi ili kisipigwe na jua. Nilirudi kwenye faili ya kamera, nikaiweka picha katika kanuni pana ya Adobe RGB, nikaacha uso kama ulivyokuwa, na kitambaa nikakiongoza kwa tarakimu, kwa kuwa kioo kilinionyesha buluu ile ile kila nilichofanya. Mzee wa koti jeupe alinichapia vipande vitano vyembamba, kila kimoja na feruzi yake, na nyuma ya kila kimoja niliandika namba kwa penseli. Nilivipeleka Kapkoros pamoja na kitambaa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Binti ya Kogo alivipanga kizingitini, akakiweka kitambaa kando ya kila kimoja kwa zamu, akarudi nyuma, akakaribia, akaondoa cha kwanza, kisha cha tano. Alibaki na vitatu kwa muda mrefu, mpaka chai yangu ikapoa.

Alichagua cha nne.